Nusu Yangu, Nusu Yake

Niliyajua majibu tangu asubuhi, kabla hata sijanawa uso. Nililala ubavu, nikaiegemeza simu kwenye mto, nikalifungua duka letu kwa upande wa nyuma, ule ambao wateja hawauoni, nikatazama. Nikaizima. Nikaiwasha tena, kana kwamba namba ni mtoto mtundu ambaye ukimgeuzia mgongo kidogo atajirekebisha.

Hazikujirekebisha.

Mchana, niliposukuma mlango wa karakana ya Fundi, nilikuwa bado sijamwambia mtu.

Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya dada yake. Upande mmoja meza ndefu iliyolewa wino wa kila rangi, juu yake fremu za kuchapia zimeegemezana. Upande wa pili rafu za fulana, kofia na mifuko ya kitambaa. Kwenye kona tulikuwa tumetundika shuka jeupe kwa misumari ili liwe mandhari ya picha. Dirisha lilikuwa moja tu, limelielekea shuka, na mwanga wake ndio uliokuwa taa yetu.

"Kimya wangu," alisema bila kugeuka. Alikuwa anavuta wino juu ya fremu kwa ule mpira wake mrefu, mabega yakienda na kurudi. Hatua zangu alizijua. "Umekula?"

"Nimekula."

"Mwongo. Sauti ya mtu aliyekula haiwi hivyo." Akainua fremu, akachungulia chapa iliyobaki kwenye kitambaa, akaridhika. Ndipo akanigeukia. "Dada kasema anakuja na Msusi sasa hivi. Zimetoka?"

"Zimetoka."

"Na?"

"Ngoja waje."

Alinitazama. Nikainama, nikatoa kompyuta kwenye mkoba, maana mimi nikitazamwa huwa natafuta kitu cha kushika.

Jina la Kimya alinipa yeye, siku ya kwanza kabisa. Nilikuja na wenzangu wa chuo kuagiza fulana za mahafali, nikawa naonyesha kwa kidole badala ya kusema. Akaniambia, "Dada, mashine yangu hata ikizimwa inaongea kuliko wewe." Wenzangu wakacheka, mimi nikatamani ardhi inimeze. Tulipokuja kuchukua mzigo, ndani yake mlikuwa na fulana moja ambayo hatukuiagiza: nyeupe, kifuani kidirisha kidogo kilichofungwa, na chini yake maneno mawili, *Bisha Taratibu*. Hakusema ni ya nani. Hakuhitaji kusema.

Fulana hiyo ndiyo iliyozaa duka. Watu waliniona nayo wakaitaka. Nikamwambia Fundi, mimi nimesomea biashara na kompyuta, tufungue duka la mtandaoni, wewe utachapa, mimi nitauza. Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumwambia mwanaume asiye ndugu yangu. Siku tuliyofungua, alinirekodia mlio wa duka kwa mkono wake: alibisha hodi juu ya meza ya mbao, polepole, *ko ko ko*. Mtu akinunua, simu zetu zote mbili zilibisha hivyo. Na sisi popote tulipokuwa tuliitikia kwa pamoja, "Karibu!" Tulipokuwa chumba kimoja, alinishika mkono, wino wake ukabaki kwenye vidole vyangu. Sikuwa naunawa haraka.

Baba alipopelekewa habari zetu, alikaa akifikiri mpaka chai yake ikapoa. Kisha akatoa masharti mawili. La kwanza: kijana asilete wazee wake kuposa mpaka duka lisimame, kwa sababu binti haolewi na ndoto. La pili: "Sura yako isitoke kwenye simu za watu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi sina binti wa kujitembeza."

Niliyakubali yote mawili. Wakati ule niliyaona mepesi.

Kwa hiyo picha zote za duka zilikuwa mimi, kuanzia shingoni kwenda chini. Mimi na fulana ya bluu. Mimi na mfuko begani. Kofia niliishika kwa mikono miwili mbele ya tumbo kama mtu anayepitisha mchango. Fundi alinipiga picha akiwa amejificha nyuma ya kamera, akipima kwa uangalifu mahali pa kukata ili hata kidevu kisiingie. "Nimemwahidi mzee," alikuwa akisema. "Sitaki anione mhuni."

Wageni waliingia dukani. Hiyo haikuwa shida. Waliingia wengi, wakazunguka, wakatazama, wengine wakajaza hadi kikapu, halafu wakatoka. Nikaufupisha ukurasa wa malipo, uliokuwa unauliza maswali kama askari. Nikaandika gharama ya usafirishaji mapema, isije ikamshtua mtu wakati ameshafika mlangoni. Nikaongeza kioo cha kukuza picha, ili mteja akigusa aone mpaka nyuzi za mshono. Kitufe cha kununua nikakipa rangi ya chungwa lililoiva. Kila dawa ilishusha homa kidogo, halafu homa ikarudi.

Zikabaki picha. Wateja wenyewe walituambia. "Samahani, hii ya bluu ipo ya watu wenye vichwa?" aliandika mmoja. Mwingine akasema, "Hili duka la mizimu, naogopa kutoa namba yangu." Fundi alizisoma kwa sauti, akacheka mpaka akakaa sakafuni. Na mimi nikacheka. Wifi hakucheka.

Wifi, yaani dada yake mkubwa, ndiye mwenye nyumba, mwenye mashine na mwenye kauli. Siku chache baadaye alimleta Msusi, jirani yake mwenye saluni, akapigwa picha mbele ya shuka lile lile akiwa na fulana zile zile. Mimi sikuwepo, nilikuwa nimempeleka baba hospitali. Tukakubaliana nigawe wageni nusu kwa nusu: huyu akifungua duka aone picha zangu, anayefuata aone za Msusi, wiki nzima, bei zile zile, saa zile zile. Zitakazouza zaidi ndizo zibaki. Chuoni tulikuwa na mwalimu aliyezoea kusema namba haina shangazi, haimpendelei mtu. Niligawa kwa haki. Niligawa kwa haki kiasi kwamba sikujibakizia hata kisingizio kimoja.

"Hodi humu! Mmejifungia mnachapa fulana au mnachapana mabusu?"

Msusi aliingia na harufu ya mafuta ya nywele, chanuo bado limechomekwa kichwani. Ni mzuri, sitamnyima haki yake. Mzuri kwa namna ile ya watu ambao hawajawahi kuambiwa wapunguze sauti. Alinikumbatia kabla sijasimama vizuri.

"Dada'ngu, niambie mapema nijijue. Nimeshinda, au nirudi kwenye vichwa vya watu? Nimemwacha mteja kule, upande mmoja kasukwa, upande mwingine kama simba."

"Akija kukushtaki mimi simo," Fundi alisema, akacheka.

Nilikisikia kile kicheko. Kilikuwa kile cha sakafuni, kile cha mizimu. Nilidhani kinakaa kwangu.

Wifi aliingia nyuma yake, akavuta kiti. "Tumekuja kusikiliza, hatukuja kucheka. Haya, wifi yangu. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Huo mshindo leo tuusikie."

Nilifungua kompyuta. Fundi akaja kusimama karibu yangu, karibu sana, bega lake likagusa langu.

"Usiogope," alininong'oneza. "Sema chochote. Ukisema zimelingana, mimi nitaamini zimelingana."

Alisema kwa wema, najua. Lakini ulikuwa wema mbaya, kwa sababu ilikuwa kweli. Ule ukurasa wa namba alikuwa hawezi kuusoma, na Wifi pia. Ni mimi peke yangu. Neno moja tu, *zimelingana*, na shuka lile kwenye kona lingebaki langu. Duka nalo lingebaki vile vile, watu wanaingia na kutoka, na wazee wake wasingefika kwetu kamwe. Nikisema kweli, duka litasimama, na baba hatakuwa na neno. Kila nilikogeuka mlango ulikuwa wazi, na kila mlango ulinitoa nje.

"Katika kila watu mia walioona picha zangu," nilisema, "wawili walinunua."

"Na zake?" Wifi aliuliza.

"Saba."

Nje pikipiki ilipita, ikaenda zake.

"Saba," Wifi alirudia polepole, kama mtu anayeonja mchuzi. "Wawili, na saba."

"Mimi?" Msusi alijifunika mdomo. "Na hizi chunusi?"

"Na hizo chunusi. Lakini juu ya shingo." Wifi alisimama, uso umemfunguka kama sijawahi kuuona, akamvuta kifuani. "Hongera, wifi!"

Neno lilianguka katikati ya chumba, na hakuna aliyeinama kuliokota.

Msusi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona aibu. "Jamani dada, umechanganya watu."

"Ulimi hauna mfupa," Wifi alisema. Akapangusa magoti yake, ambayo hayakuwa na vumbi. Lakini macho yake hayakuja kwangu kuomba radhi. Yalikwenda kwa mdogo wake, yakakaa hapo, yakisubiri.

Na mimi nilisubiri. Nilisubiri Fundi aseme kitu, hata mzaha. Mtu mwenye mzaha kwa kila jambo, mwenye mzaha mpaka kwenye msiba wa paka. Alikuwa anafuta wino kwenye kucha kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko kucha zenyewe.

"Basi," Wifi akasema, "picha zake ziwekwe kwa wote, leo leo. Na wewe binti usinune. Kompyuta yako ipo pale pale, hakuna aliyekufukuza. Akili ni nywele, kila mtu ana zake."

"Na mimi ndiye nazisuka," Msusi alidakia, akinitazama kwa huruma, akitaka nicheke. Nilitabasamu kwa ajili yake. Yeye hakuniibia kitu kwa makusudi, na hilo ndilo lililonimaliza: sikuwa na mtu wa kumchukia.

Wifi alimshika mkono wakaingia ndani kujaribu kofia mpya. Tukabaki wawili, mimi na Fundi na harufu ya wino.

"Kimya," alianza. "Yule dada huwa anaropoka tu, unamjua."

"Njoo uone kitu."

Nilikuwa nimekiona asubuhi ile ile, baada ya namba. Nilitaka kujua sababu. Kitaaluma kabisa, nilijiambia, nataka kujua picha ile ina nini. Ilikuwa ndiyo iliyouza kuliko zote: Msusi amevaa *Bisha Taratibu*, fulana yangu, kidevu amekiinua kidogo, anacheka, anatazama moja kwa moja. Nikamgusa usoni, kile kioo cha kukuza kikafunguka. Nikagusa tena. Nilikuwa natafuta hicho anachouza. Nikafika kwenye jicho.

Niliigeuza kompyuta imwelekee.

Ndani ya mboni, dogo kama punje ya mchele, lilikuwepo dirisha letu. Mbele ya dirisha, miguu mitatu ya kamera. Na kando ya kamera, kando, si nyuma yake, alisimama mtu, mikono ameikunjua, kichwa amekirusha nyuma kwa kucheka. Uso haukuonekana. Lakini mtu unayempenda humtambui kwa uso peke yake.

"Huyu nani?" nilimwuliza.

Aliinama. Alikaa ameinama muda mrefu kuliko jibu lilivyohitaji.

"Mimi."

"Kamera umeiacha."

"Nilikuwa nabonyeza kwa rimoti. Alisema kitu cha kuchekesha kuhusu dada na wigi lake, basi nika... Nilikuwa nacheka tu, Kimya. Mtu hachekagi?"

"Mimi hujawahi kunipiga hivyo. Mimi huwa unaishika kamera. Unajificha nyuma yake."

"Wewe nilikuwa nalinda heshima yako! Si baba yako ndiye aliyesema?"

"Baba alisema sura yangu isitoke kwenye simu za watu. Hakusema wewe usiitazame."

Sijui sauti ile niliitoa wapi. Haikuwa kubwa. Lakini Fundi alirudi nyuma hatua moja, akakaa juu ya furushi la fulana, mikono ikaning'inia katikati ya magoti.

"Unajua nilikuwa nafanyaje?" alisema, akiitazama sakafu. "Natazama kwenye kamera, napima. Shingo hapa, kata hapa. Kidevu kikiingia, narudia. Mwanzoni iliniuma, nakuapia. Nilikuwa nasema moyoni, subiri, siku ya harusi nitampiga picha za uso mpaka kamera iombe maji. Halafu..."

"Halafu ikaacha kukuuma."

"Halafu nikazoea."

"Umenikata kichwa kila siku mpaka ukasahau kwamba ninacho."

"Usiseme hivyo."

"Basi kanusha."

Hakukanusha.

"Jana nilimwomba baba," nilisema. "Nilipiga magoti, nikamwomba picha moja tu. Moja, yenye uso, niiweke kwenye hii fulana. Nilijua namba zinaelekea wapi, nilitaka niwahi."

"Akasemaje?"

"Akasema siku nitakayoitoa sura yangu nisimletee mtu nyumbani kwake. Akaingia chumbani, akafunga mlango."

"Mbona hukunipigia?"

"Nilikupigia. Simu yako ilikuwa inatumika. Nikarudia, inatumika. Nikarudia tena."

Alifumba macho. Sikumwuliza alikuwa anaongea na nani, na alijua kwamba simwulizi.

Kutoka ndani kilikuja kicheko cha Msusi, bila shaka kofia fulani ilikuwa imemkalia vibaya. Nikaona shingo ya Fundi ikitaka kugeukia kule. Alijizuia. Niliona namna alivyojizuia, ule mshipa wa pembeni ukikaza, na nikajua kwamba hata akinioa kesho, nitakuwa naishi na mshipa ule.

"Unampenda?"

"Sijui," alisema.

Angesema hapana, ningemwamini, kwa sababu nilitaka. Angesema ndiyo, ningelia nikamaliza. Lakini *sijui* unaikamata wapi?

"Nipe muda," akasema haraka. "Nipange mawazo yangu. Duka ndiyo kwanza linaanza kuchangamka. Si ndicho tulichokuwa tunakitaka, wewe na mimi?"

"Tulikitaka ili uje nyumbani."

"Nitakuja."

"Lini?"

Aliitazama fremu iliyokuwa mezani. Wino ulikuwa umeanza kukauka juu ya kitambaa cha fremu, na yeye siku zote ndiye aliyenifundisha kwamba wino ukikauka pale, fremu imekufa. Hakusimama kuuosha.

Nilivuta kiti, nikakaa mbele ya kompyuta. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Nilichagua nusu yake, ile ya Msusi, nikaandika iende kwa wageni wote. Ukurasa ukaniuliza, *Una uhakika?* Swali hilo niliandika mwenyewe zamani, Fundi asije akafuta kitu kwa bahati mbaya na vidole vyake vya wino. Chini yake vitufe viwili: *Ndiyo* na *Bado*. Sikuweka *Hapana*. Fundi alinicheka sana siku ile. "Yaani wewe hata mashine unaionea haya kuikatalia?"

"Kimya, si lazima ufanye sasa hivi," alisema nyuma yangu.

Nilibonyeza *Ndiyo*.

Picha zangu ziliondoka moja moja. Ya bluu. Ya mfuko. Ya kofia tumboni. Hazikuwa na nyuso, kwa hiyo hazikuwa na cha kuniagia. Mahali pake alikuja Msusi, na Msusi, na Msusi, duka lote likawa linacheka.

Tulikuwa bado tunatazama wakati simu zetu mbili ziliposema kwa pamoja, *ko ko ko*.

"Kari—" Fundi alianza, mkono wake umeshanyanyuka kuelekea wangu. Akaukuta umeshika mkoba.

Neno likafia hapo.

Msusi alitokea mlangoni na kofia nyekundu. "Nimesikia mlio! Ni sisi hao? Tumeuza?" Akaniona nimesimama, mkoba begani, na furaha ikampungua usoni. "Dada'ngu, unaondoka? Mbona hivyo? Kama ni lile neno la dada..."

"Hujanikosea kitu."

"Kweli?"

"Kofia imekupendeza," nilisema, na ilikuwa kweli. Nikaona machozi yamemjaa, akatazama chini. Nadhani hapo ndipo alipoelewa. Pengine hata yeye alikuwa hajui mpaka dakika ile.

Fundi alinifuata hadi kizingitini.

"Kesho utakuja?"

"Ukurasa hauhitaji nije. Nitautunza nikiwa nyumbani."

"Sikuuliza ukurasa."

Hilo ndilo neno zuri kuliko yote aliyoniambia siku hiyo, na lilinikuta nimeshavuka kizingiti. Nilimtazama. Nilimtazama usoni waziwazi, bila kutafuta kitu cha kushika, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu tulipojuana. Nilitaka anione. Nilitaka mara moja tu nisimame kwenye mwanga wake nikiwa mzima, mwenye paji, mwenye macho, mwenye mdomo unaotetemeka. Akanitazama kweli, midomo ikamwachana. Kisha, kama mtu aliyeona kitu alichokuwa amekipoteza na sasa hajui atakiweka wapi, akainamisha macho.

Nikaenda.

Njia nzima simu ilinibishia ndani ya mkoba. Sikuizima. Ningeweza, mlio ule ni mimi niliyeuweka na ni mimi ningeuondoa. Lakini ulikuwa mkono wake juu ya meza, na sikuwa na mkono wake mwingine wa kuchukua.

Nyumbani, baba alikuwa sebuleni anapiga viatu rangi, gazeti amelitandaza chini ya miguu. Nilimwamkia. Aliitikia kwa upole kupita kawaida. Nadhani na yeye jana ilimkaa moyoni. Nilikaa kiti cha pembeni, nikaweka mkoba mapajani.

*Ko ko ko.*

Baba aliinua kichwa. "Nani huyo? Kamfungulie."

"Hakuna mtu, baba. Ni simu. Ni lile duka."

"Duka linabisha hodi?"

"Mtu akinunua, linabisha."

Alitikisa kichwa, akarudi kwenye kiatu chake. *Ko ko ko.*

"Na huyo?"

"Mwingine."

"Mbona leo wamekuwa wengi?"

"Tumebadilisha picha."

Brashi ilisimama. Alinitazama kwa jicho la jana. "Picha za nani?"

"Si zangu, baba."

Jicho la jana likaondoka. Aliweka kiatu chini, akajifuta vidole kwa kitambaa, kimoja kimoja, na mimi nikaona jambo ambalo kwa muda mrefu nilikuwa nimelisahau kwenye uso wake: baba alikuwa anatabasamu.

"Umeona sasa? Jana ulinililia hapa, ukadhani baba yako anakuchukia. Nilikwambia kizuri chajiuza. Mtoto wangu hakujitembeza, na duka si limesimama?"

"Limesimama, baba."

"Basi. Mimi ni mtu wa neno moja, na neno langu ni lile lile." Alikohoa kidogo, kama mtu anayejiandaa kuongea mbele ya watu. "Mwambie kijana aje na wazee wake. Siku yoyote. Nitampokea kwa mikono miwili."

"Nitamwambia," nilisema. Sauti ilitoka ndogo, lakini sauti yangu siku zote ni ndogo, kwa hiyo baba hakusikia kitu ndani yake.

*Ko ko ko.*

Baba alicheka kwa sauti, akaliambia duka lile lisilo na adabu, "Karibu, karibu!" akaokota kiatu chake. Na mimi, ingawa nilijua vizuri kwamba hakuna mtu, niligeuka nikautazama mlango.